Neno Ustahimilivu na Wakulima wa Mwani

Maandishi ya siku hizi juu ya mabadiliko ya tabianchi hupenda sana neno ustahimilivu. Hulitumia kwa nyumba iwezayo kupigwa na ukame au joto la bahari, kisha ikainuka tena. Lakini kustahimili katika Kiswahili ni kuchukua mzigo kwa saburi. Kuinuka ni jambo jingine. Tofauti hiyo si ndogo, hasa mwenye kustahimili anapokuwa mwanamke.

Mazoea ya kumsifu mwanamke kwa saburi ni ya kale katika fasihi yetu. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, humfunza binti adabu za dini, za nyumba na za kumridhisha mume; chumo la mke mwenyewe si shabaha yake. Utenzi huo wastahili heshima, lakini si kipimo cha zama zote. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alituonyesha mwanamke mwingine: aliuza vyungu mjini Unguja kabla ya kusifika kwa sauti yake. Huyu alikuwa na saburi, na alikuwa na chumo pia.

Warithi wake leo ni wakulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kwa biashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Maji ya bamvua yakupwapo hushuka pwani, hupigilia vijiti, hutandaza kamba na kufunga mbegu. Kwa fedha zake wamesomesha watoto na kununua chakula pasipo kungoja mkono wa mume. Basi joto la maji ya kina kifupi likazidi, na mwani wa kotoni, wenye bei bora, ukaoza kambani. Ulisalia zaidi spinosum, wenye bei ndogo. Kotoni waweza kustawi katika maji ya kina, lakini huko kwataka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawana hivyo viwili.

Hapa ndipo neno letu linapopotosha. Ujira wa mwanamke ni nguzo ya nyumba, lakini nguzo hiyo imesimikwa katika bahari ile ile iliyopata joto. Mithali yasema mvumilivu hula mbivu; mithali hudhani mti ungali hai. Saburi haiivishi mwani uliooza.

Kwa hiyo napendekeza neno ustahimilivu libaki na maana yake, na lile jambo la pili liitwe uwezo wa kujiinua. Mwandishi akidai kwamba nyumba fulani ina uwezo huo, yampasa aonyeshe bei ya kilo, mwenye chombo, na mkono ushikao fedha. Asipoonyesha hayo, atakuwa ameyaita mateso ya watu kwa jina la sifa, na msomaji atadhani hakuna la kutengenezwa.