Setilaiti ni za Bure, Mlima wa Mombo si wa Bure

Saa moja na nusu usiku nilikuwa nasukuma baiskeli juu ya Soni, kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto, simu ikiwa na chaji asilimia 6. Ilibidi nichague: ramani au tochi. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na Coaster zinashuka kwa fujo kila baada ya dakika chache. Nikachagua tochi. Ramani yenyewe ndiyo iliyoniambia pale Mombo, saa kumi kasorobo jioni, kwamba Lushoto ni mwendo wa saa 1 na dakika 50 tu.

Kwa hiyo uhakiki huu wa vifaa vya kutafutia njia naandika nikiwa na kinyongo kidogo, nisikufiche. Safari ilikuwa Dar hadi Lushoto kwa siku nne, kilomita mia tatu na kitu, kwa bajeti ya mwanafunzi ambaye bumu lake huisha kabla mwezi haujafika katikati. Wengi mnaouliza kuhusu safari kama hizi mnauliza swali moja: ninunue kifaa gani? Nadhani swali hilo linaanzia mahali pasipo na tatizo.

Tuanze na angani, maana huko mambo ni mazuri. Setilaiti za GPS ziko juu takriban kilomita 20,200. Kila moja inatangaza muda wake na mahali ilipo, na tangazo hilo linakufikia baada ya kama sehemu saba za mia za sekunde. Simu yako haitumi chochote huko juu. Inasikiliza tu, kama redio. Ikisikia setilaiti nne inapata mahali ulipo pamoja na muda sahihi, na huo muda ndio unaodai setilaiti ya nne, kwa sababu saa iliyo ndani ya simu ni ya bei rahisi na kosa la milioni moja ya sekunde linakupeleka mita 300 pembeni. Hata Einstein yumo humo: saa za setilaiti hukimbia mbele ya zetu kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku, na zisingerekebishwa, ramani ingekosea kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku.

Sasa, simu ya bei ya chini na kifaa cha Garmin cha kufunga kwenye usukani vinasikiliza matangazo yaleyale. Kile cha Garmin kina ubora wake, tusimnyime mtu haki: kioo chake kinasomeka juani bila kuhitaji mwanga mkali wa ndani, kinavumilia mvua, na betri inadumu. Lakini bei ya vingi vya aina hiyo inapita baiskeli nzima ya mtumba, na ukifika njiapanda hakijui zaidi ya ramani uliyokiwekea.

Kuna imani moja inayowagharimu watu bure, kwamba GPS inahitaji bando. Haihitaji. Intaneti inasaidia tu kuanza haraka, kwa kuipatia simu taarifa za mizunguko ya setilaiti. Bila intaneti simu inazipokea kutoka angani kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde, kasi ya konokono, hivyo inataka kama nusu dakika bila kukatizwa, na mara nyingine zaidi. Simama mahali pa wazi, subiri. Watu wanatembea chini ya miembe huku wanaitikisa simu, halafu wanailaumu mitandao.

Shida inaanza chini, ardhini. Mwaka 1959 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha kanuni fupi ya kutafuta njia yenye gharama ndogo kabisa kati ya nukta mbili. Programu za leo zinatumia watoto na wajukuu wa kanuni ile. Kanuni haina tatizo. Utata wote uko kwenye neno "gharama". Nani kasema kipande hiki kinagharimu kiasi gani, na kasema kwa niaba ya nani: dereva wa Noah, au mimi na mizigo yangu?

Turudi Mombo. Chukua mimi, baiskeli, maji na begi: kilo 100, tufanye hesabu iwe rahisi. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda takriban mita 1,000. Kuinua kilo 100 mita 1,000 kunataka kilojuli 981. Mtu wa kawaida aliyekanyaga pedali tangu asubuhi, akiweza bado kutoa wati 100 kwa ajili ya kupanda peke yake, atatumia sekunde 9,810, yaani saa 2 na dakika 43 na ushee. Hapo hujahesabu msuguano wa matairi, hujasimama kunywa maji, hujashuka kusukuma. Sasa gawa kilomita 33 kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa. Unapata saa 1 na dakika 50. Kumbe programu yangu ilikuwa imegawa tu! Mlima kwake ulikuwa tambarare. Nami, mtu ninayefundisha semina za fizikia mwaka wa kwanza, sikuijaribu hesabu hiyo ya mistari mitatu kabla ya kuondoka.

Programu ile siitaji, kwa sababu huenda toleo lake jipya limejirekebisha. Zile zinazojulikana naweza kuzisema. Google Maps inakuruhusu kupakua eneo zima, ila bila mtandao maelekezo yake ni ya gari tu. Ya baiskeli na ya miguu hayapo. Kwa safari ya baiskeli porini hilo linaitoa kwenye kinyang'anyiro mapema. Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, inatumia ramani za OpenStreetMap na inapanga njia ya baiskeli bila mtandao kabisa. Pia inakuchorea mstari wa kupanda na kushuka, ambao ndio ungeniokoa. Ukiiambia ikwepe barabara za vumbi, inakwepa. Usichoweza kuieleza ni kwamba unaogopa malori kuliko vilima. OsmAnd inajua mengi zaidi, ila menyu zake ni msitu, na toleo la bure lina kikomo cha ramani unazoweza kupakua. Ninayoipenda ni BRouter, programu ndogo ya Android isiyo na sura ya kuvutia. Yenyewe inakuachia uandike gharama zako: kupanda kuna bei gani, vumbi bei gani, barabara kuu bei gani. Ni faili la maandishi. Unalifungua, unabadilisha namba, unaona njia inahama. Ukitaka kuelewa mashine inavyofikiri, jioni moja na faili lile inatosha.

Na uoga wa malori si wa kuchekwa. Kutoka Dar, njia ya kwanza inayopendekezwa ni ya Chalinze, barabara inayobeba mizigo ya bara pamoja na ya Zambia na Kongo. Mimi nilipita Bagamoyo, nikakata hadi Msata kwa lami, nikaiacha Chalinze na mambo yake. Hakuna programu iliyonishauri hivyo; nilishauriwa na fundi wangu wa baiskeli. Mfano mkali zaidi uko upande wa Iringa: barabara ya kutoka Morogoro inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kwenye ramani hifadhi ni rangi ya kijani tu. Kwa kanuni ya gharama ni lami nzuri, nafuu kabisa. Simba hana lebo.

Lebo hizo huwekwa na watu kama wewe. OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza mwaka 2004, ni ramani ambayo yeyote anaweza kuhariri. Mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Ardhi wakashirikiana na wakazi kuchora mitaa inayofurika, na ndiyo maana leo sehemu nyingi za jiji zinaonekana hadi mitaro. Ukitoka mjini mambo hubadilika. Barabara nyingi za vijijini zimechorwa na mtu aliyetazama picha ya setilaiti: mstari upo, lakini hakuna aliyesema kama ni lami, changarawe au udongo mfinyanzi. Programu isipokuta lebo inakisia, na ikikisia haikuambii kwamba imekisia.

Urefu wa milima nao una hadithi yake. Sehemu kubwa ya takwimu hizi zilitokana na rada ya chombo cha anga Endeavour, mwezi Februari 2000, kwa siku 11 tu. Kila mraba wa mita 30 hivi una urefu mmoja. Barabara iliyochongwa kwenye ubavu wa mlima, kama ile ya Soni, ni nyembamba kuliko mraba huo, kwa hiyo namba moja inachanganya barabara, mwamba wa juu na korongo la chini. Mchoro unatoka na meno kama msumeno, na jumla ya mita za kupanda inavimba. Tazama umbo la mchoro, tofauti ya mwanzo na mwisho. Usiamini jumla.

Kuhusu umeme nitakuwa mfupi. Betri ya simu ya 5,000 mAh ina takriban wati-saa 19. Kioo kikiwaka juani siku nzima, na simu ikila wati 2, unapata saa tisa na nusu basi. Zima kioo, weka ile alama ya ndege (katika simu nyingi za sasa GPS inaendelea kufanya kazi), na simu iache kuhangaika kutafuta minara isiyokuwepo. Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh ina wati-saa 37, kwa kuwa namba hiyo hupimwa kwa volti 3.7, ikitoka kwa volti 5 ni 7,400 hata kabla ya upotevu. Usimgombeze muuzaji wa Kariakoo kwa hilo peke yake.

Sasa kifaa ambacho sijakiona kwenye orodha ya mtu yeyote. Asubuhi ya pili, kabla ya Segera, nilimsalimia mama mmoja anayeuza machungwa.

"Shikamoo mama. Segera bado mbali?"

"Marahaba mwanangu. Wala si mbali, hapo tu."

Hapo tu ikawa saa nzima. Wote tunaijua "hapo tu". Lakini nilipofika Lushoto na kutaka kwenda vijiji vya juu, nilibadilisha swali. Nikawauliza vijana wa bodaboda: hadi pale ni shilingi ngapi? Kijiji cha kwanza kilikuwa kilomita tisa kwenye ramani, cha pili kilomita saba. Nauli ya cha pili ilikuwa karibu mara mbili. "Kaka, kule kuna utelezi, na kurudi narudi mtupu," akaniambia mmoja. Ndani ya nauli ile mlikuwa na umbali, mwinuko, hali ya udongo na mvua ya jana, vyote vimeshapigiwa hesabu na mtu ambaye akikosea anakula hasara yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo gharama aliyokuwa akiisema Dijkstra, na nimeipata bila chaji. Uliza wawili watatu, maana bei ya mgeni ina nyongeza. Linganisha nauli kwa nauli, usitazame kiasi chenyewe.

Mkoba wangu wa Desemba umeshapangwa: simu ileile yenye Organic Maps na BRouter, pawabenki, tochi inayojitegemea (bila shaka), mita ya waya ya kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na karatasi moja yenye majina ya vituo, kilomita, mita za kupanda na penye maji. Mita hiyo ukiiwekea mzingo wa gurudumu kwa kukisia, kosa la asilimia moja ni kilomita nzima kwa kila mia. Chora alama ya chaki sakafuni, kaa juu ya baiskeli, zungusha mara moja, pima.

Vipande nilivyopita nimeanza kuviwekea lebo kwenye OpenStreetMap. Kimoja juu ya Lushoto kinanisumbua hadi sasa: nilikipita kikavu, kigumu kama saruji, na yule kijana wa boda anasema masika hata yeye hakipandi. Fomu inataka neno moja.