Sikio la Dada

Ushauri hatujawahi kupungukiwa nao Kilifi. Mama ana wake, mwalimu ana wake, na shangazi akija msibani anao wa kumgawia kila binti atakayemkuta jikoni. Mimi nawasifu wanawake wachache wanaoweza kukaa na msichana mpaka amalize alichotaka kusema. Kazi hiyo ina mafundi wake.

Wengi wao wameupata ufundi huo uwanjani. Tangu 2001 shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwakusanya wasichana wa Kilifi kwa mpira, nao hufundishana kucheza, kuamua mechi na kuzungumzia afya zao. Mazoezi yakiisha, watu wakiwa wamekaa chini wanavua viatu, ndipo maneno huanza kutoka, kwa kuwa hakuna anayemkazia mwenzake macho. Wanaoshona makuti pamoja wanalijua hilo: mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea.

Msichana aseme, "Dada, kesho siji mazoezini." Asiye fundi atauliza kwa nini, na mtoto aliyezoea kugombezwa ataanza kujitetea. Fundi husema tu, "Kesho huji," akaendelea kufungua kamba za viatu.

"Ni mbali."

"Ni mbali, ee."

"Zamani nilikuwa napata lifti."

Hapo ndipo pagumu. Sote tumesikia habari za bodaboda na wasichana wa shule, na moyo unataka kummalizia hadithi. Fundi hammalizii. Akiachiwa nafasi, msichana atafika mwenyewe kumtaja kijana wa bodaboda anayedai sasa alipwe lifti zake, na atasema anataka alipwe nini.

Wapo wanaoahidi kutunza siri yoyote watakayoambiwa. Wanafanya hivyo kwa huruma, lakini naona ni kumdanganya mtoto. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 na Sheria ya Watoto ya 2022 zimewekwa kumlinda, na namba 116, ya simu ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure. Aambiwe mapema kwamba akitajwa mtu anayemdhuru, dada hatanyamaza. Na kwamba kabla ya dada kwenda kwa yeyote, yeye ndiye atakayejua kwanza.

Sikio hilo huhitajika hata baada ya mimba. Tangu 1994 serikali ya Kenya imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shule, na mwongozo wa 2020 ukaeleza utaratibu. Basi kikao huitwa kupanga arudi vipi. Mwalimu mkuu, baba, mama na mzee wa kijiji huzungumza habari zake, naye yupo, ameketi mkekani na mtoto mapajani. Dada akialikwa, husubiri wakubwa wamalize, kisha humgeukia: "Na wewe mwenyewe unatakaje?" Pengine atajibu kwamba kurudi anataka, ila si shule ile ile. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Inabidi mazungumzo yaanze upya: shule gani itampokea, nauli itatoka wapi, na mtoto atabaki na nani asubuhi.