Njia ya Mtu Mmoja

Amri yenyewe ni mstari mmoja: kubectl port-forward svc/takwimu 8080:80. Fundi akishaiandika na kubonyeza, programu iliyojifungia ndani ya klasta ya mbali, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja, humfungukia kwenye kivinjari kana kwamba inaendeshwa mezani pake. Wengi hushukuru, wakaendelea na shughuli zao. Mimi nataka kukaa na mstari huo, maana ni ufundi uliotulia, nao hausifiwi inavyostahili.

Tumchukue fundi aliyeko Ole, Pemba, inapoanzia barabara ya kwenda Kengeja. Umeme wake umepita chini ya bahari kutoka Tanga, kwa waya uliozinduliwa mwaka 2010. Zanzibar taarifa za afya zimekwisha kuhamia kwenye kompyuta: Wizara ya Afya inatumia mfumo wa DHIS2, na wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya hupita nyumba kwa nyumba wakiandikisha wajawazito na watoto kwa simu. Tuseme fundi wetu anatengeneza ukurasa wa takwimu wa kazi za namna hiyo, na ameuweka kwenye klasta ya Kubernetes iliyoko ng'ambo. Ukurasa umo ndani ya kontena, kontena imo ndani ya podi, na anwani ya podi hiyo haifikiki kutoka nje ya klasta. Anachotaka ni kutazama tu kama grafu imekaa sawa.

Angeweza kuuweka hadharani kwenye intaneti, autazame, kisha auondoe. Lakini taarifa za mama mjamzito wa shehia fulani hazianikwi kwa dunia nzima eti kwa kuwa fundi ana swali la dakika tano. Kuelekeza poti, ndiyo kazi ya amri ile, kunampa kile walichojengewa watu wa Lamu na Mji Mkongwe kwa wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba mbili: unavuka kwenda kwa jamaa yako, na aliye barabarani hakuoni.

Na njia hiyo imejengwa kwa uangalifu mkubwa. Kwanza kubectl hufungua poti 8080 kwenye anwani 127.0.0.1, anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe, kwa hiyo hata jirani aliye kwenye Wi-Fi hiyo hiyo haioni. Kisha hubisha hodi kwa seva kuu ya klasta, mara nyingi kwenye poti 6443, kwa mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo. Seva inauliza: wewe nani, na je, umeruhusiwa kuelekeza poti za podi? Akikubaliwa, ombi hupelekwa kwa kubelet, msimamizi wa mashine inayobeba podi ile, anayesikiliza poti 10250. Kubelet hukabidhi kazi kwa mwendeshaji wa makontena, kama vile containerd, naye huingia ndani ya mtandao wa podi yenyewe na kuigonga poti 80 kutokea humo humo.

Hapo ndipo ninapovutiwa zaidi. Programu humwona mgeni kama mtu wa ndani. Hata ile iliyopangwa kusikiliza 127.0.0.1 peke yake, ikakataa kila sauti ya nje ya podi, humjibu. Kila anapofungua mawasiliano mapya hutengewa mikondo miwili katika njia ile ile moja, mmoja wa data na mmoja wa makosa, ili hitilafu isichanganyike na ujumbe.

Wazo ni la zamani kuliko Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014. Mwaka 1995, huko Finland, Tatu Ylönen alitengeneza SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, na mafundi wamepitisha poti zao ndani yake miaka yote hii. Kubernetes kwa upande wake ilijengea juu ya itifaki ya SPDY, ambayo Google wenyewe waliiondoa kwenye Chrome mwaka 2016. Klasta ziliendelea kuitumia, ingawa seva nyingi za kati hazikuielewa, zikawa zinakata njia. Toleo 1.31, la Agosti 2024, liliifanya itifaki ya WebSocket kuwa chaguo la kawaida kwa kazi hii. Waliokwisha kuzoea kuandika 8080:80 hawakubadilisha hata herufi moja. Kung'oa msingi na kuuweka mwingine bila mwenye nyumba kuhama ni kazi ya mafundi wanaomheshimu mtumiaji.

Baadhi hulalamika kwamba amri hii haipitishi UDP, na kwamba ukiitaja huduma yenye podi tatu, huchagua moja tu, na podi hiyo ikifa njia hukatika. Ni kweli, wala sioni haja ya kulalamika. Ni njia ya uchunguzi, ya mtu mmoja na podi moja, kwa muda anaouhitaji. Anayetaka kuhudumia umma atumie milango ya umma. Nisichokipenda ni desturi ya kuongeza --address 0.0.0.0 ili wenzako ofisini nao waone, maana hapo kila aliye kwenye mtandao ule anaingia kwa kibali chako wewe.

Tena kibali chenyewe kina uzito. Kwa kuwa mgeni huingizwa kutokea ndani ya podi, kwa kawaida sera za mtandao zilizowekwa kuikinga hazimzuii. Kwa mfumo wenye majina ya wagonjwa ningekitoa kwa ukarimu kwenye klasta ya majaribio yenye taarifa za kubuni. Kwenye klasta ya kazi yenyewe ningewapa mtu mmoja au wawili, na kumbukumbu za ukaguzi za seva kuu ziwe zimewashwa, zionyeshe nani alifungua njia, kwenye podi ipi, saa ngapi.