"Shiriki" au "Sambaza"?

Facebook ilitoa toleo la Kiswahili mwaka 2009, na pia imeziruhusu tovuti nyingine kuweka vitufe vyake. Tangu hapo watafsiri wengi wamezoea kuandika "Shiriki" penye kitufe cha kuwapelekea wengine habari. Sisi tunaona neno hili halifai, na tovuti za michezo ndizo zinazoonyesha wazi kasoro yake.

Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo: mtu hushiriki mashindano, hushiriki mazishi. Tuchukue tovuti ya sataranji kama Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010. Tukiandika "Shiriki" chini ya mchezo, mchezaji ameambiwa aingie kucheza. Akibonyeza, anapewa kiungo cha kuwatumia rafiki zake. Mwanafunzi wetu hapa Uganda atapotea kwa sababu tu amekijua vema kitenzi alichofundishwa.

Wapo wanaotetea "Shirikisha". Kauli ya kutendesha inasaidia, lakini kitenzi hicho hudai mtendwa: ashirikishwe nani? Kikisimama peke yake kinaning'inia.

"Sambaza" hudai kitu tu, nacho kiko mbele ya macho. Ni kweli kwamba uvumi nao husambazwa. Hata hivyo, Wakenya wamekwisha kuzoea kusambaziana salio la simu, na hakuna anayedhani ni uvumi.

Kwa hiyo tunapendekeza "Sambaza" kwa kiungo, na "Shiriki" ibaki kwa anayejiunga na mchezo. Walimu wenzetu, tulijadili suala hili madarasani kabla vitufe havijatufundishia wanafunzi.