Amini Hushambulia au Hutoa? Uhakiki wa Kitenzi Kimoja cha Kemia

Mwanafunzi wa Kongo hufundishwa kemia kwa Kifaransa, kisha mara nyingi humfafanulia mwenzake kwa Kiswahili. Katika ufafanuzi huo husemwa kwamba amini "hushambulia" atomu ya kaboni. Kitenzi hicho ni tafsiri ya moja kwa moja ya kile cha Kifaransa, nacho chaeleweka. Kasoro yake ni kwamba chaonyesha mmenyuko unavyoanza, lakini hakisemi unakoma wapi. Na anayetakiwa kubashiri mazao huulizwa hasa habari ya kikomo.

Nitrojeni ya amini ina jozi moja ya elektroni isiyofungwa na atomu nyingine. Jozi hiyo ndiyo mali yake. Kwa hiyo kitenzi "kutoa" chaifaa zaidi, kwani mtoaji huweza kuulizwa: akiisha kutoa, amebakiwa na nini?

Swali hilo lapimika kwa mifano mitatu. Amini ikikutana na asidi ya haidrokloriki, jozi hushika protoni. Chumvi inayopatikana haina tena cha kutoa. Methilamini ikikutana na iodidi ya methili, nitrojeni hutoa jozi yake, lakini amini nyingine ikiiondolea protoni, jozi huirudia. Hapo hutoa tena, hata ifike kwenye chumvi yenye methili nne. Ngazi za namna hiyo ndizo alizozieleza August Wilhelm von Hofmann mnamo 1850. Tatu, methilamini ikikutana na kloridi ya asetili, zao ni amidi: jozi ingalipo, ila imevutwa na kabonili iliyo jirani, wala haitolewi kwa wepesi. Mmenyuko hukoma kwenye hatua ya kwanza. Anayejua "kushambulia" tu huandika zao moja popote, na katika mfano wa pili hukosea.

Hata hivyo, kitenzi hakitoshi peke yake. Anilini ikitiwa asidi ya nitrasi kwenye nyuzi 0 hadi 5 za Selsiasi, hupatikana chumvi ya diazoni. Methilamini ikitiwa asidi hiyohiyo, hutoka gesi ya nitrojeni. Hapo yapasa kujua pia nitrojeni imeshikamana na nini, na joto ni kiasi gani.

Imesadifu kwamba jina "amini" kwa Kiswahili husomeka kama amri ya kusadiki. Wafasiri wa kemia wasiitii amri hiyo: wachague vitenzi vinavyomwezesha mwanafunzi kuhoji.