Pongezi kwa Shule ya Chai ya Kyoto

Urasenke, nyumba ya Kyoto inayofundisha sherehe ya chai ya Kijapani, inastahili pongezi hata kutoka Bunia. Tangu 1970 ina mpango uitwao Midorikai wa kuwafunza wageni kutoka nje ya Japani. Humo ulimi na mkono hufundishwa pamoja: mwanafunzi hujifunza kumwomba radhi jirani yake kabla ya kutangulia kunywa, kumshukuru mwenyeji, kuuliza habari za bakuli, na kila tamko lina tendo lake. Kijapani cha namna hiyo hakibaki daftarini.

Wapo watakaosema kwamba jimbo letu la Ituri, lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, halina nafasi ya anasa za watu wa mbali. Hoja hiyo ni nzito, lakini inasahau chimbuko la desturi yenyewe. Bingwa wa chai Sen no Rikyū (1522–1591) aliikamilisha katika zama za vita. Mlango wa kibanda chake ulikuwa mdogo hata kila mgeni, awe bwana au mfanyabiashara, aliingia akitambaa. Na shujaa aliacha upanga nje. Zaidi ya karne tatu na nusu baadaye, Sen Genshitsu, aliyekuja kuwa mkuu wa Urasenke na aliyefunzwa urubani wa kujitoa mhanga, alinusurika vita vilivyoisha 1945 akazunguka dunia akiandaa chai kwa ajili ya amani. Chai hainyamazishi bunduki. Ila adabu ya kuketi pamoja hufundishika, kwa mazoezi ya miaka. Walimu wa Bunia, wafundisheni vijana adabu za wazee wetu kwa njia hiyo hiyo, kwa Kilendu na kwa Kihema.