Mbega na Misiba Yake Miwili: Maoni Juu ya Mwanzo wa Habari za Wakilindi

Mtu asimamaye Mnazi, katika tambarare ya Umba, akitazama kusini huiona milima ya Usambara imejipanga kama ukuta. Chini ni joto na mkonge. Juu ni baridi, migomba na mito. Kwa Msambaa tofauti hiyo si ya hali ya hewa tu. Mlimani ni kwao. Nyika ni ugenini. Kwa hiyo si ajabu kwamba kitabu kikuu kilichoandikwa kwa Kiswahili juu ya nchi hiyo kinaanza na mgeni, mwindaji wa porini, aliyeupanda mlima akiwa amekwisha kupoteza karibu kila alichokuwa nacho.

Kitabu hicho ni Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy. Kwanza kilipigwa chapa kwa sehemu na misheni ya UMCA huko Magila, kisha J. W. T. Allen akakihariri, kikatolewa Nairobi mwaka 1962. Wengi hukisoma kama hati ya kuhalalisha enzi ya wafalme wa Vugha. Steven Feierman, katika utafiti wake wa mwaka 1974, alionyesha jinsi hadithi ya Mbega inavyopatanisha vinyume: pori na kijiji, nyama na vyakula vya shamba. Siyapingi maoni hayo. Lakini nadhani yanaacha nje jambo moja ambalo msomaji yeyote aliyepata kuhama kwao hulitambua mara moja: Mbega anaondoka mara mbili, wala namna za kuondoka kwake hazifanani.

Mara ya kwanza anaondoka Unguu. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, naye akahesabiwa kuwa kigego, mtoto wa mkosi. Wazazi walipokwisha kufa, jamaa zake walimnyima urithi kwa sababu hiyo. Hapa mwandishi hakumpa shujaa wake machozi, alimpa hoja. Mbega anadai haki yake, jamaa wanamjibu, naye anajua wazi kwamba hana fungu tena katika mji ule. Hayo ni maumivu, walakini ni maumivu yaliyotamkwa. Ndipo anachukua mbwa, mikuki na nyavu zake, akaenda. Amenyimwa mali ya baba, lakini ufundi wa kuwinda hapana awezaye kumnyang'anya.

Mara ya pili anaondoka Kilindi. Huko alipokewa vizuri, akafanya urafiki na mwana wa mtawala. Siku moja kijana yule akauawa na nguruwe katika mawindo. Mbega na wenziwe wakakimbia kwa hofu ya kulaumiwa. Hapana hoja wala kuaga, wala hakusimama kaburini pa rafiki yake. Hadithi inaharakisha mwendo kama mkimbizi mwenyewe, na haigeuki nyuma kuomboleza.

Je, huu ni upungufu wa mwandishi? Nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani hivyo. Sasa nadhani jibu limo katika jina. Wana wa Mbega hawakuitwa kwa nchi aliyozaliwa, ambayo alikwisha kuagana nayo kwa maneno. Waliitwa Wakilindi, kwa jina la mji alioukimbia bila kuaga. Msiba uliosemwa ulibaki nyuma. Ule usiosemwa ulifuatana naye hadi Vugha, ukawa jina la ukoo unaotawala. Sidai kwamba Abdallah bin Hemedi alikusudia fumbo hili. Nadai kwamba masimulizi aliyoyapokea yanalo, naye hakulifuta.

Tukumbuke pia hali yake mwenyewe. Alikuwa mtu wa pwani aliyewatumikia Wakilindi. Alipoandika, enzi ile ilikuwa imevunjika: Kimweri ya Nyumbai alikufa mwaka 1862, vita vya jamaa vikafuata, na mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Kitabu kinachoanza na kigego asiye na urithi kiliandikwa wakati ukoo wenyewe ulipokuwa ukinyang'anywa urithi wake. Hii ndiyo sababu, kwa maoni yangu, lugha yake haina majivuno hata pale inapotukuza.

Aibu yake ipo. Mama wa kijana aliyeuawa hatumsikii kabisa. Kilio chake kimeachwa Kilindi pamoja na maiti. Mhakiki hana ruhusa ya kumtungia maneno, bali ana wajibu wa kuonyesha mahali alipostahili kusema.

Vijana wa Mnazi na Mlalo wanaendelea kuondoka, wakienda Tanga na Dar es Salaam. Kitabu hiki hakiwazuii. Kinawaambia tu kwamba kabla ya kufunga mzigo ni vema mtu aseme kilichompotea, na amwambie nani. Asipofanya hivyo, huenda wajukuu wakaitwa kwa jina lake.